Safu ya Ushauri: Nina dola 6,000 na watarajali watatu. Nakosea wapi?

Kwa washauri wa safu,

Habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, niko Minnesota, nafanya kazi kwenye kituo cha ufundishaji na ujifunzaji cha chuo kikuu kimoja cha umma. Kwa wasioifahamu kazi hii, sisi hatufundishi wanafunzi. Tunawasaidia wahadhiri wafundishe vizuri zaidi. Tunaingia madarasani kwao na kuangalia somo linavyokwenda, tunakaa nao kupanga kozi na mitihani, tunaendesha warsha. Kituo kina watu saba, na mweusi ni mimi peke yangu. Madarasa tunayoyatembelea yana Wasomali, Wahmong (watu wenye asili ya Kusini-Mashariki mwa Asia), Walatino, Wakenya, Wakongo. Wanaoingia kwenye fani hii ni wachache mno kati yao, na nadhani ni kwa sababu mlango wake haujulikani, na ukijulikana unahitaji mtu awe tayari kufanya kazi bure.

Kiangazi kilichopita tulichukua mtarajali mmoja kwa posho ya dola 1,500, ilipwe mwishoni. Aliacha wiki ya nne. Usiku alikuwa anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, na mchana kwetu alikuwa anapanga kurasa za tovuti.

Safari hii amidi ametoa dola 3,000, na naomba nyingine 3,000 kwenye ruzuku ndogo ya chama cha taaluma. Maombi yanafungwa wiki tano zijazo. Mpango wangu ni watarajali watatu, dola 2,000 kila mmoja, wiki nane za kiangazi, saa 20 kwa wiki. Ofisi ya sheria imenirudishia tangazo kwa sababu niliandika kwamba nafasi ni za wanafunzi weusi, Walatino na wenyeji wa asili pekee. Na kuna kijana wa Kenya, yuko PhD hapa kwetu kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni), tayari ni msaidizi wa kufundisha wa saa 20 kwa wiki. Anaitaka kazi hii kwa moyo wote, anasema yuko tayari kujitolea bila malipo, halafu akimaliza arudi Eldoret. Nimkubalie?

Sitaki kuharibu mara ya pili. Naombeni msaada.

Mama Imani, Minnesota

* * *

Mama Imani,

Tuanze na huyo kijana, maana hapo ndipo mtu anaweza kuumia. Usimkubalie ajitolee.

Mwenye F-1 anaruhusiwa kufanya kazi ndani ya chuo chake saa 20 kwa wiki wakati masomo yakiendelea, na saa hizo ni jumla ya kazi zake zote chuoni. Likizo rasmi zikifika anaweza kufanya muda wote. Yeye saa zake 20 zimeshajaa. Ukimwongezea za kwako wakati wa muhula (na hapa chini tutakushauri uhamie muhula wa Agosti), hata kwa jina la kujitolea, unamweka pabaya: kazi ambayo mwingine angelipwa kwa kuifanya haigeuki kujitolea kwa sababu tu huyu hakulipwa. Ikitafsiriwa kuwa ajira isiyo na kibali, atakayepoteza hadhi yake ni yeye. Wewe na kituo mtabaki palepale.

Kuna njia iliyo halali, nayo ni kugawanya ajira aliyonayo. Ajira ya msaidizi ya saa 20 huandikwa asilimia 50. Idara yake ibaki na asilimia 25, kituo chako kichukue 25. Saa zinabaki 20, viza iko salama, na kwa kuwa kazi iko ndani ya chuo chake mwenyewe hahitaji kibali cha CPT, yaani ruhusa ya mafunzo kazini nje ya chuo kwa mwenye F-1. (Angekuwa anakwenda kufanya kazi hiyo kwenye chuo kingine, hapo CPT ingehitajika: awe amemaliza mwaka mzima wa masomo, kazi iwe sehemu ya mtaala wake, na kibali kiandikwe kwenye I-20, hati yake ya uanafunzi inayotolewa na chuo, kabla ya siku ya kwanza ya kazi.)

Mtego uko kwenye msamaha wa ada na bima ya afya. Vyuo vingi huvifunga na asilimia ya ajira. Kama mfumo wa chuo chenu utazisoma robo mbili kama ajira mbili ndogo, anaweza kuamka Septemba na deni la ada. Kwa hiyo iandikie ofisi ya shule ya uzamili swali moja, kwa barua pepe ili jibu libaki: "Ajira ya asilimia 50 ikigawanywa kati ya idara na kituo, msamaha wa ada na bima vinabaki kamili, na nani analipa sehemu ya kituo?" Jibu la mdomo lisikuridhishe. Ikionekana kituo kibebe nusu ya ada, dola zako 6,000 hazitatosha. Hapo mwombe amidi aichukue ada kama mchango wake, badala ya kuiondoa kwenye fungu la ujira. Na mkuu wa idara yake muwahini, kwa sababu idara nyingi hupanga wasaidizi wa muhula wa Agosti miezi kadhaa kabla.

Kuhusu kodi yake, maana watu wa mishahara hukosea hapa mara nyingi: Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani. Tanzania haina, Uganda haina. Mtu asimpe fomu ya kuomba msamaha wa mkataba kwa sababu mwanafunzi wa India au China aliyemtangulia aliijaza. Fomu yake ya W-4, ya makato ya kodi kwenye mshahara, inajazwa kwa masharti ya asiye mkazi, na mwisho wa mwaka anapeleka 1040-NR (ritani ya kodi ya asiye mkazi) pamoja na 8843 (tamko la hadhi yake ya mwanafunzi wa kigeni). Makato ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee) hakatwi katika miaka mitano ya kalenda ya kwanza ya uanafunzi wake hapa. Akiona yamekatwa, adai yarudishwe.

Sasa pesa. Dola 2,000 kwa saa 160 ni dola 12.50 kwa saa. Nyumba ya wazee inalipa zaidi ya hapo. Mtarajali wako wa mwaka jana alipiga hesabu hiyo, na mtu yeyote mwenye kodi ya nyumba na ndugu wa kusaidia nyumbani ataipiga vilevile. Atakayeweza kukaa kwa dola 12.50 ni yule ambaye wazazi wanamlipia pango, na huyo hata bila ruzuku angeingia kwenye fani. Mpango wa watu watatu unaonekana mkubwa kwenye karatasi, lakini unawachuja walewale uliotaka kuwafikia. Chukua mtu mmoja.

Fungu tungeligawa hivi. Saa 10 kwa wiki, wiki 15, ni saa 150. Kwa dola 25 kwa saa ni dola 3,750. Weka dola 300 kwa makato ya upande wa mwajiri: mwanafunzi wenu aliyesajiliwa angalau nusu ya mzigo wa masomo hakatwi hifadhi ya jamii akifanya kazi chuoni kwake, lakini ukimpata mtu kutoka chuo kingine mwajiri anadaiwa asilimia 7.65, yaani karibu dola 287. Dola 1,400 ziende kwenye mkutano wa mwaka wa POD Network, ambao ndio mtandao mkuu wa fani hii Marekani na hukutana kwa kawaida Novemba. Dola 200 ni za basi au maegesho. Dola 350 zilizobaki ni shukrani kwa mhadhiri wa chuo jirani atakayempokea mtarajali kwa siku mbili, aone fani hii inavyokuwa mahali ambapo mhadhiri ana madarasa matano kwa muhula na hakuna kituo chenye watu saba. Jumla dola 6,000.

Kama ukimpata mwanafunzi ambaye ni raia au ana makazi ya kudumu, na amepewa mgawo wa Federal Work-Study (mpango wa kuwalipa wanafunzi wenye uhitaji wanaofanya kazi), serikali kuu inaweza kubeba hadi asilimia 75 ya ujira wake. Zile dola 3,750 zinakuwa 937.50 kwako, mpaka mgawo wake uishe. Hapo ndipo mtarajali wa pili anapoweza kupatikana, kwa kiwango kilekile cha dola 25. Kijana wako wa F-1 hastahili mpango huo, kwa hiyo usimhesabie.

Lipa kwa saa, kila wiki mbili, kupitia mfumo wa mishahara. Usilipe posho ya mkupuo mwishoni. Kwanza, mtu anayefanya kazi kwa faida ya kituo ni mfanyakazi kisheria, hata ukimwita mnufaika wa ufadhili. Pili, posho ya ufadhili kwa raia mara nyingi hutoka bila kukatwa kodi, halafu Aprili anadaiwa. Ikiingizwa kwenye hesabu za msaada wake wa masomo inaweza hata kumpunguzia ruzuku nyingine. Tatu, na hili ndilo zito, malipo ya mwisho yanamfanya mtarajali awe ndiye anayekukopesha wewe. Nauli na chumba cha kulala wakati wa mkutano vilipwe na kadi ya manunuzi ya kituo tangu mwanzo. Kumwambia mwanafunzi alipe dola 1,400 kisha asubiri kurudishiwa wiki sita ni kumwambia asiende.

Nusu ya pili, ile ya ruzuku ya nje, ina shimo lake. Ofisi ya ruzuku ya chuo itataka gharama za usimamizi. Taasisi ambazo hazijakubaliana kiwango chao na serikali kuu zinaruhusiwa kudai hadi asilimia 15, iliyopanda kutoka 10 Oktoba 2024, na vyuo vikubwa hudai zaidi ya hapo. Hata kwa asilimia 15, ukiomba dola 3,000 na gharama hizo zikiwa ndani yake, kazi yenyewe inapata karibu dola 2,609. Dola 391 zimekwenda, nazo ni zaidi ya saa 15 za mtarajali. Vyama vya taaluma vingi haviruhusu gharama hizi kwenye ruzuku ndogo. Tafuta sentensi hiyo kwenye mwongozo wa mwombaji, inakili, ipeleke ofisi ya ruzuku wiki hii pamoja na ombi la msamaha. Ukingoja hadi wiki ya tano, ofisi itakataa kusaini, na bila saini yao maombi hayaendi.

Kiangazi kiache. Sababu ya mtarajali wako kuishia kwenye kurasa za tovuti si uvivu wa mtu. Juni na Julai wahadhiri hawapo, madarasa ya kutembelea ni machache, na mtu wa kumshauri hapatikani. Zaidi ya hapo, mwaka wa fedha wa vyuo vya umma vingi hufungwa Juni 30. Mafunzo ya kuanzia Juni hadi Agosti yanaivuka tarehe hiyo, na pesa ya amidi isiyotumika inarudi alikoitoa. Anza katikati ya Agosti, umalizie Desemba mwanzoni. Wiki ya kwanza inakutana na mapokezi ya wahadhiri wapya na mafunzo ya wasaidizi wa kufundisha, ambayo ndiyo wiki yenye shughuli nyingi kituoni. Oktoba ni tathmini za katikati ya muhula. Novemba ni mkutano. Na pesa yote inabaki ndani ya mwaka mmoja wa fedha.

Tuje kwenye tangazo. Ofisi ya sheria haikukosea. Chuo chenu kinapokea fedha za serikali kuu, kwa hiyo kinabanwa na sehemu ya VI ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Na kwa kuwa mtarajali ni mwajiriwa, sehemu ya VII inaingia pia, inayokataza kumchagua mtu kazini kwa rangi. Uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani wa Juni 2023, uliozuia vyuo kuchagua kwa rangi, ulihusu udahili, lakini tangu hapo programu zilizofungwa kwa kundi moja zimekuwa zikishtakiwa na kulalamikiwa zaidi. Tunadhani tangazo lako uliliiga kutoka kwa ruzuku za miaka ya nyuma, wakati POD yenyewe na vyuo vingi viliandika waziwazi kwamba nafasi ni za watu wa rangi. Usiliige. Soma mwongozo wa mwaka huu, neno kwa neno.

Usione kama umeshindwa. Kufunga mlango kwa rangi hakukuwa kunaleta watu. Waliletwa na mtu aliyekwenda kuwatafuta. Fungua nafasi kwa wote, kisha tangazo lipeleke mahali ambapo halijawahi kufika. Minnesota mna vyuo vya makabila ya wenyeji: Leech Lake, White Earth, Red Lake Nation, Fond du Lac. Mna vyuo vya jamii vya Minneapolis na St. Paul ambako wahadhiri wa muda wengi ni wahamiaji. Kuna HBCU Faculty Development Network, mtandao wa wanaoendeleza wahadhiri kwenye vyuo vya kihistoria vya weusi, uliopo tangu 1994. Kutuma barua pepe kwa orodha hakutoshi. Mpigie simu mtu mmoja kwenye kila chuo, mwombe majina mawili, kisha uwaandikie hao wawili kwa majina yao.

Vigezo viwe vya uzoefu, ambavyo mtu yeyote anaweza kuvitimiza: amefundisha kwenye chuo cha jamii au shule ya watu wazima, amefundisha kwa lugha ambayo si yake ya kwanza au amewafundisha wanaosoma kwa lugha ya pili, ni wa kwanza kwao kwenda chuo, ana jambo mahususi analotaka kulibadilisha darasani na anaweza kulieleza kwa aya mbili. Andika alama za kila kigezo kabla ya kufungua barua ya kwanza, wasomaji wawe wawili wanaotoa alama kila mmoja peke yake, na karatasi zao mzihifadhi. Usiombe barua tatu za mapendekezo. Moja inatosha, na hiyo iombe kwa walioingia hatua ya pili tu. Na kiwango cha malipo kiandikwe mstari wa kwanza wa tangazo, pamoja na saa na tarehe. Mtu mwenye kazi ya usiku anaangalia hapo kwanza.

Halafu kazi yenyewe. Hapa tutakaa kidogo, maana hata ukilipa vizuri, mtarajali asipopata kazi halisi atatoka na jina la kituo kwenye wasifu wake na hakuna kingine. Matangazo ya kazi za mwanzo katika fani hii, mshauri wa ufundishaji au mkurugenzi msaidizi wa kituo, kwa kawaida hutaka shahada ya uzamili na uzoefu wa kushauri wahadhiri, kuendesha warsha na kupima matokeo. Vitu hivyo vitatu ndivyo wiki 15 zinapaswa kuvijaza.

Saa 10 za wiki tungezipanga hivi: nne za madarasa na mashauriano, tatu za mradi wake, mbili za kusoma na kuandika taarifa, moja ya kukaa na mlezi wake, yaani mfanyakazi wa kituo anayemwongoza. Hiyo saa moja isiguswe. Ikihamishwa mara mbili mfululizo, ujue mafunzo yamekufa. Kwa hiyo kwenye maombi yako iwepo barua ya mkurugenzi inayosema mlezi amepunguziwa kazi gani ili apate hizo saa 15 za muhula na nyingine za kwenda naye darasani. Wasomaji wa maombi huiangalia sana barua hiyo, kwa kuwa wanajua mlezi asiyepunguziwa kazi anatoweka Septemba.

Wiki tatu za kwanza anafuatana na mlezi. Wanaingia darasa moja, kila mmoja na karatasi yake. Mwanzieni na COPUS, zana ya uangalizi wa madarasa ya sayansi iliyochapishwa 2013. Kila dakika mbili unaweka alama: mhadhiri anafanya nini, wanafunzi wanafanya nini. Kipindi cha dakika 50 kinatoa mistari 25. Mkitoka mnalinganisha karatasi mbili mstari kwa mstari, na pale mlipotofautiana ndipo somo lilipo. Tuseme mistari 19 kati ya 25 inaonyesha mhadhiri anaongea na wanafunzi wanasikiliza. Mgeni wa kazi ataandika kwenye taarifa kwamba ufundishaji si shirikishi. Huo ni uamuzi, na mhadhiri atajitetea. Mlezi amfundishe kuiweka karatasi mezani na kuuliza: "Ulikusudia iwe hivi?" Mhadhiri mwenyewe ataihesabu.

Wiki ya sita hadi ya nane, tathmini ya vikundi vidogo, njia iliyotokana na kazi ya Joseph Clark kwenye University of Washington. Mhadhiri anatoka nje dakika 25 za mwisho. Mtarajali anawagawa wanafunzi wanne wanne au watano watano, na kila kikundi kinajibu maswali matatu kwa makubaliano: nini kinawasaidia kujifunza hapa, nini kinawazuia, mnapendekeza nini. Kisha anasoma majibu mbele ya darasa zima na kuuliza wangapi wanakubali kila moja. Kura hii watu huiruka kwa haraka, na ikirukwa, mwanafunzi mmoja mwenye sauti kubwa anakuwa maoni ya darasa. Taarifa imfikie mhadhiri ndani ya siku mbili au tatu. Makosa ya kawaida ya mtarajali ni mawili: kunukuu sentensi ambayo mhadhiri ataitambua ni ya nani, na kumpelekea malalamiko 14. Mambo matatu yanatosha, na moja kati ya hayo liwe linaloweza kubadilishwa kabla ya Ijumaa.

Kuanzia wiki ya tisa aendeshe mashauriano yeye, mlezi akiwa amekaa pembeni kimya. Warsha moja ya dakika 50 aibuni na kuiendesha mwenyewe. Wiki mbili za mwisho ni za mkoba wa kazi: taarifa tatu za uangalizi zilizofutwa majina, mpango wa warsha na maoni ya waliohudhuria, na ukurasa mmoja wa alichojifunza kutokana na takwimu zake.

Kuna mambo mawili hayamo kwenye fomu yoyote lakini wewe utayaelewa mara moja. La kwanza: msimpe warsha zote za ujumuishi kwa sababu ya sura yake. Apewe kupanga mitihani, maabara, madarasa ya wanafunzi 200, vitu ambavyo kila mshauri anavijua. Akitoka hapo akiwa amefanya jambo moja tu, waajiri watamweka kwenye sanduku hilo kwa miaka. La pili: kabla hajaingia darasa la profesa, profesa awe amepata barua ya mkurugenzi yenye jina lake na cheo chake, mshauri wa ufundishaji mtarajali. Asiingie kama mwanafunzi msaidizi aliyekuja na karatasi. Namna mtu anavyotambulishwa mara ya kwanza ndiyo anavyosikilizwa muhula mzima, na mtarajali wa kike mweusi kwenye ofisi ya profesa wa miaka 30 kazini hana nafasi ya pili ya kutambulishwa.

Kwenye sehemu ya matokeo, usiahidi kwamba utabadilisha sura ya fani. Mtu mmoja hatoi takwimu. Ahidi unachoweza kuhesabu: madarasa aliyoyatembelea, mashauriano aliyoyaongoza, warsha moja, mkoba wa kazi. Ahidi pia kumtafuta baada ya miezi 6, 12 na 24 kujua yuko wapi, na kueleza kwa wafadhili hata kama jibu ni kwamba alienda kufanya kazi nyingine. Ongeza sentensi inayosema pesa ya mwaka wa pili itatoka wapi. Kama hujui, zungumza na amidi sasa, kwa kuwa ni swali ambalo wafadhili huuliza.

Kijana wako akifanikiwa kugawanyiwa ajira, mkumbushe kwamba aendako kazi hii ipo. Kenya kuna AFELT, chama cha wanaoendeleza ufundishaji vyuoni, ambacho pamoja na vyuo vikuu vya Mzumbe, Dodoma, Gulu na Uganda Martyrs kilikuwa kwenye mradi wa TESCEA wa kupanga upya kozi za vyuo vikuu, uliomalizika 2021. Mradi wake wa muhula anaweza kuuchagua akiwa na Eldoret kichwani: darasa la wanafunzi 300, projekta moja, umeme unaokatika. Vituo vya hapa Marekani vina mengi ya kujifunza kutoka kwa mtu aliyefundisha darasa la namna hiyo.

Wiki zako tano zitumie hivi. Hii ya kwanza, barua mbili: ofisi ya ruzuku kuhusu gharama za usimamizi, na shule ya uzamili kuhusu ajira ya robo kwa robo. Ya pili, tangazo jipya na vigezo virudi ofisi ya sheria. Ya tatu, barua ya mkurugenzi na bajeti. Ya nne, mtu asiye wa fani asome maombi yote akuambie alipokwama. Ya tano ni ya saini, na saini huchukua siku nyingi kuliko unavyofikiri.

Ruzuku ikitoka na mtu akipatikana, anzeni makaratasi ya ajira wiki sita kabla ya Agosti. Fomu ya I-9, ya kuthibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi, ina siku tatu tu za kazi baada ya kuanza, na mgeni asiye na namba ya hifadhi ya jamii ataisubiri. Kisha mpe barua ya ajira yenye saa kwa wiki, dola kwa saa, jina la mlezi na tarehe ya malipo ya kwanza, aishike mkononi kabla hajaenda kuaga kwenye nyumba ya wazee.

Washauri wa safu